Piga 999 kwanza, mjomba baadaye

BARAZA LA KILBURN
Na Zuhura Mwinyi

Desemba 2010 mwanamke mmoja wa Chatham, mkoani Kent, alipiga 999, namba ya dharura ya Uingereza, kuripoti wizi. Kilichoibwa ni sanamu la theluji alilolijenga nje ya nyumba yake. Mwaka 2015 polisi wa West Midlands walitoa sauti ya mwanamke mwingine, huyu akimshtaki muuza aiskrimu: eti kanyunyiza vile vipunje vitamu vya rangi upande mmoja tu, na fedha hataki kurudisha. Februari 2018 matawi ya KFC yalipoishiwa kuku kote Uingereza, polisi wa Tower Hamlets, mashariki mwa London, ilibidi wawaombe wananchi wasiwapigie. Kukosa kuku si jinai.

Zimamoto nao wana yao. Julai 2013 Zimamoto wa London walitangaza kwamba katika miaka mitatu waliitwa zaidi ya mara 1,300 kuwanasua watu walionasa pasipotarajiwa, na mara 79 kilichowanasa ni pingu. Wenyewe walikihusisha kisa hicho na riwaya ya Fifty Shades of Grey. Mengine nawaachia watu wazima. Agosti 2018, huko Edmonton, kaskazini mwa jiji, kasuku aitwaye Jessie alikaa juu ya paa siku tatu. Mzimamoto akapanda ngazi, akaambiwa amtamkie maneno ya mapenzi ili amzoee. Jessie akajibu kwa mapenzi vilevile, kisha akamtusi tusi la nguoni. Ikafahamika baadaye kwamba anajua na Kituruki na Kigiriki. Mwishowe akaruka mwenyewe.

Visa hivi tunavipenda. Polisi na wahudumu wa magari ya wagonjwa huvitoa mara kwa mara ili kuwatia haya wapigaji ovyo, televisheni hurudia, nasi tunacheka. Nami nacheka. Lakini kicheko hiki kinampata asiyekusudiwa. Mtu wa aiskrimu hajirekebishi. Anayeingiwa na hofu ni mama wa kwetu aliyeketi sebuleni hapa Kilburn, London, anayetazama habari ile na kujiambia: namba hiyo si ya kuchezea, usije ukapiga ukaumbuka.

Kwa hiyo siku mambo yanapomfika hapigi 999. Anampigia binti yake aliye kazini Milton Keynes. Binti hapokei, anampigia mjomba Reading. Mjomba analipeleka jambo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na ujumbe wenyewe mnaujua: “Jamani, mama mkono umelegea na maneno hayatoki vizuri, nani ana dawa ya presha?” Pole zinamiminika. Mmoja anashauri tangawizi, mwingine habasoda, wa tatu yuko Muscat na anataka apigiwe kwa video amwone. Mkono uliolegea na maneno yasiyotoka ni dalili za kiharusi, na kiharusi hakingoji kikao cha ukoo.

Siwalaumu. Tumetoka mahali ambapo wa kwanza kukufikia ni jirani. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Wakafa 19. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, akiwamo kijana Majaliwa Jackson, ambaye baadaye alichukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba za dharura zipo Tanzania: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto. Lakini mtu aliyelelewa Tanga au Kigoma amezoea kupiga ukunga kabla ya kupiga simu, na ukunga ule hujibiwa. Hapa Kilburn High Road piga ukunga uone. Jirani wa ghorofa ya juu ataongeza sauti ya televisheni.

Hebu tuitazame namba yenyewe ilikotoka. Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, katikati ya London, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyeuona moto alipiga simu, akawekwa kwenye foleni pamoja na watu waliotaka kuzungumza mambo yao ya kawaida. Akaandika barua kwa hasira gazetini, katika The Times, kamati ikaundwa, na tarehe 30 Juni 1937 London ikapata 999. Namba 111 ilikataliwa kwa sababu nyaya zikigusana kwenye upepo zingeweza kuipiga zenyewe, yaani mpigaji ovyo wa kwanza angekuwa upepo. Simu ya 999 ilipoingia, taa nyekundu iliwaka na honi ikalia chumba kizima, kwa kishindo ambacho waendesha mitambo walikipunguza kwa kuziba mdomo wa honi na mpira wa tenisi.

Siku chache baadaye, alfajiri, mke na mume wa Hampstead, jirani zetu wa mashariki, walisikia mtu chini ya dirisha lao. Mke akapiga. Mwizi alikamatwa baada ya dakika chache tu, na yeye ndiye wa kwanza kutiwa mbaroni kwa simu ya 999. Wiki hiyo ya kwanza zilipigwa simu zaidi ya 1,300, na 91 kati yake zilikuwa mzaha. Upuuzi na uokozi vilizaliwa siku moja. Miaka hii yote hakuna aliyepata njia ya kuufukuza upuuzi bila kuufukuza na uokozi, kwa sababu simu ikiingia, zote mbili zinafanana.

Novemba 2019, katika mji uitwao Oregon, jimboni Ohio, Marekani, mwanamke alipiga namba ya dharura ya kwao akaagiza piza. Mpokeaji akamwambia amekosea namba. Mwanamke akashikilia kwamba hajakosea. Mpokeaji akashtuka, akaanza kuuliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, na polisi wakatumwa kimyakimya: mama wa mwanamke huyo alikuwa akipigwa ndani ya nyumba ileile. Katika orodha ya visa vya kuchekesha, simu ile ingekaa kando ya kuku wa KFC.

Uingereza wana njia yao kwa asiyeweza kusema. Ukipiga 999 kwa simu ya mkononi nawe umejificha, ukaulizwa na usiweze kujibu, unabonyeza 55 ukielekezwa, unaunganishwa na polisi. Ukinyamaza tu bila kubonyeza, simu inaweza kukatwa, maana kuna nyingi mno zinazojipiga zenyewe mifukoni. Muhimu zaidi, 55 peke yake haiwaonyeshi polisi ulipo. Wafundisheni dada zenu hilo, hasa wale ambao ndoa zao hatuziulizi.

Najua kuna atakayeniambia kwamba nahimiza fujo. Huduma ya magari ya wagonjwa ya London hupokea simu yapata milioni mbili kwa mwaka. Desemba 2022, kote England, wagonjwa wa kundi ambalo ndani yake mna kiharusi na maumivu ya kifua walisubiri kwa wastani wa zaidi ya saa moja na nusu, ilhali lengo lilikuwa dakika 18. Kila simu ya kipuuzi inakula dakika za mtu. Ni kweli, na ndiyo maana ipo 111 kwa ugonjwa usio wa roho mkononi na 101 kwa mambo ya polisi yanayoweza kungoja. Lakini foleni ile ilitokana zaidi na hospitali zilizojaa na magari yaliyokwama milangoni mwake yakisubiri kushusha wagonjwa. Mama yako akijinyima simu hapunguzi foleni. Anajitoa tu kwenye hesabu.

Yupo na atakayenikumbusha Grenfell, nami nilikuwa nafika huko. Mnara ule hauko mbali na kwetu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, saa sita na dakika 54, mkazi wa ghorofa ya nne, mzaliwa wa Ethiopia, alipiga 999 kusema jokofu lake linawaka. Alitaja mahali, akagonga milango ya jirani. Zimamoto walifika baada ya dakika tano hivi. Walikufa watu 72. Waliopiga wakiwa wamenaswa ghorofa za juu waliambiwa wabaki ndani, na ushauri huo haukubatilishwa hadi saa nane na dakika 47. Yule wa kwanza kupiga aliandamwa magazetini kana kwamba yeye ndiye aliyeufunika mnara kwa vibamba vinavyoshika moto. Oktoba 2019 ripoti ya kwanza ya uchunguzi ilimsafisha kabisa: hakuwa na kosa lolote. Simu ilipigwa vema. Makosa yalikuwa upande wa jengo na upande wa majibu, na makosa hayo hurekebishwa kwa uchunguzi na sheria, hayarekebishwi kwa watu wetu kunyamaza.

Hofu nyingine tuzitenganishe, maana zimechanganywa. Gari la wagonjwa halilipiwi. Matibabu katika idara ya dharura ya hospitali ya umma hayalipiwi na mtu yeyote, awe na karatasi au asiwe nazo. Suala la ada kwa wasio wakaazi huja baadaye, ukilazwa. Kwa polisi hofu ina msingi: Desemba 2020 wakaguzi wenyewe wa polisi walipendekeza wahanga wa ukatili wa majumbani wasipelekwe majina yao kwa Wizara ya Mambo ya Ndani kwa ajili ya uhamiaji, na serikali haikukubali kuujenga ukuta huo. Anayekwambia hakuna hatari hakusemi kweli. Lakini jokofu likiwaka, kifua kikibana, mtoto akipaliwa, anayekuja si afisa wa uhamiaji.

Wengine hukerwa na maswali. “Nawaambia mtu anakufa, wao wananihoji!” Swali la kwanza la gari la wagonjwa ni kama mgonjwa anapumua. Ukiendelea kujibu, mwingine pale pale ameshaanza kutafuta gari. Anayeuliza hacheleweshi, na mara nyingi ndiye atakayekuelekeza jinsi ya kukandamiza kifua mpaka wenzake wafike. Kiingereza kikikukimbia, tamka neno moja tu, “Swahili”, uunganishwe na mkalimani.

Kisha sema ulipo, na hapa watu wa pwani tuna ugonjwa wetu. Ukimwuliza mmoja wetu anakaa wapi, atakwambia Kilburn, karibu na lile jengo refu lililokuwa sinema, nyuma ya duka la nyama halali. Tuna stesheni tatu zenye jina hilo: Kilburn, Kilburn Park na Kilburn High Road. Upande mmoja wa barabara ni Brent, wa pili ni Camden. Nyama halali wanauza kila baada ya milango mitatu. Andika postikodi, namba ya nyumba na namba ya fleti kwa herufi kubwa, bandika kwenye mlango wa jokofu, na mjukuu mwenye umri wa kusoma aikariri.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Wazee wetu wa hapa hawafichi maradhi kwa ukaidi, wanayaficha kwa adabu: hawataki kusumbua watu. Adabu hiyo tuliwafundisha wenyewe kila tulipowaonya wasiguse simu, wasifungue mlango, wasiongee na wageni mpaka sisi turudi kutoka kazini. Sasa ni sisi wa kuifundua. Aliyepiga kwa hofu ya kweli ikaonekana ni gesi ya tumbo hajamkosea mtu. Watampima, watamwambia apumzike, wataondoka.

Leo jioni muulize mama yako: ukianguka nami sipo, utampigia nani? Akitaja jina lako, usijivune. Mpe simu mkononi na umfundishe.