Mashine Ichumayo Jioni

Mwezi wa Mei 2023 moshi ulipanda katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Watu wenye hasira walizitia moto mashine za kuchuma majani chai, kwa sababu mashine hizo zilichukua kazi iliyokuwa ya mikono yao. Siusifu moto ule, maana moto hauna hukumu ya haki. Walakini hasira ile ilikuwa na macho. Kila mtu aliona kilichochukuliwa, akaona na kilichokichukua.

Iko mashine nyingine katika nchi hii ya chai, tangu Kericho mjini mpaka Litein, na tangu Mogogosiek mpaka Silibwet. Hii haina haja na majani. Huchuma jioni za watu. Hapana aliyeikasirikia. Kila usiku twailisha umeme kwa mikono yetu wenyewe, kisha twailaza karibu na mto wa kitanda kama mtoto mchanga. Nasema juu ya simu yenye mtandao. Na neno langu katika insha hii ni moja: katika nchi ya chai jioni ndiyo mtaji wa ndoa, na mtu aitumiaye jioni yake yote katika simu huwaibia mwenzi wake na watoto wake, sawasawa na mtu auzaye ng'ombe wa nyumba kwa siri.

Yamkini msomaji atauliza, kwa nini jioni? Tazama jinsi siku inavyokwenda. Mchumaji huingia shambani asubuhi na mapema, umande ungali juu ya majani. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, akitupa katika kikapu kilicho mgongoni, mpaka kikapu kiwe kizito. Kisha kuna mwendo wa kwenda kituo cha kupimia, na kungoja mizani, na kungoja lori la kiwanda, maana jani lililochumwa leo hapana budi lifike kiwandani leo. Mara nyingi mvua ya alasiri humkuta njiani. Akifika nyumbani kuna ng'ombe wa kukamwa na kuni za kupasuliwa. Watu wa nyumba moja hawaonani kwa utulivu mpaka jua limezama. Ukihesabu vizuri utaona kwamba mume na mke wana muda wa saa tatu tu, au nne, tangu chakula kiive hata taa izimwe. Katika muda huo mdogo ndipo deni hutajwa, mtoto huonywa, kosa la asubuhi husamehewa, na shauri la kesho hukatwa. Jioni ni baraza la nyumba, na ni shule yake pia.

Mkulima wa chai hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mchai kwa asili ni mti. Ukiachwa bila kuchumwa hurefuka, ukapita kimo cha mtu, na majani yake yakawa magumu yasiyofaa kiwandani. Kinachoufanya ubaki kimo cha kiuno, wenye machipukizi laini, ni mkono unaoujia tena na tena, kila baada ya siku 7 hadi 14. Ndoa nayo ni vivyo hivyo. Nyingi hazivunjwi na tufani. Huachwa tu, jioni baada ya jioni, mpaka waliooana huamka siku moja wakaona kwamba kati yao pamemea msitu.

Sipendi kudhaniwa kuwa adui wa maarifa. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, ilimwondolea maskini safari nyingi. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na mtandao ukawa mwepesi kuliko zamani. Leo mama wa Kapkatet hupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Nairobi kabla chai haijachemka, na mwanafunzi husoma kitabu ambacho maktaba ya shule yake haina. Mtu akataaye neema hizi ni mjinga kwa hiari yake. Lakini shoka pia ni neema, na hapana mtu alalaye na shoka kitandani.

Wala isidhaniwe kwamba mtu hunaswa kwa udhaifu wake peke yake. Mtego huu umetegwa na mafundi. B. F. Skinner, mtaalamu wa Marekani wa karne ya 20 aliyechunguza tabia za wanyama, alionyesha kwamba mnyama apewaye chakula mara moja moja, bila kujua ni lini, hushikilia kazi yake kwa ukaidi kuliko yule apewaye kila mara. Mwaka 2006 fundi mwingine wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao hujiongeza kila kidole kinapousukuma. Baadaye alijuta hadharani. Kitabu kina mwisho wa sura, na hapo msomaji hupata nafasi ya kujiuliza kama imetosha. Ukurasa ule hauulizi. Unganisha mambo hayo mawili, thawabu isiyojulikana saa yake na ukurasa usio na kikomo, upate kisa cha mtu mzima asemaye "dakika moja tu" saa mbili ya usiku, kisha akashtushwa na jogoo. Tena wenye mitandao hulipwa na watangazaji kwa kadiri ya muda tunaotazama. Maana yake ni kwamba jioni ya nyumba yako inauzwa, na mnunuzi hajui hata jina la kijiji chako.

Hebu tuingie katika nyumba moja ya mfano, juu ya kilima chochote cha Konoin. Chakula kimeliwa. Mke asema, "Baba watoto, yule ndama hajanyonya tangu asubuhi." Mume aguna, na macho yake hayainuki. Baada ya kitambo mke asema tena, "Mwalimu ametuma habari. Anataka kutuona kwa ajili ya mtoto." Mume ajibu, "Nasikia, mama watoto." Lakini hakusikia, na kesho ataapa kwamba hakuambiwa. Mke naye, akiisha kuchoka kusema na ukuta, hutwaa simu yake. Hucheka na watu asiowajua, hushangilia arusi za mbali, na kulipima jiko lake la moshi kwa majiko ya matajiri, mpaka aione nyumba yake kuwa aibu. Mtoto aliyekuwa na swali la hesabu huwatazama wote wawili, kisha akafunga daftari lake. Hapana aliyegombana wala aliyepigwa. Jirani apitaye nje husema, "Nyumba ile ina amani." Ni amani ya ghala tupu. Na baada ya kimya huja shaka: kwa nini simu yake imefungwa kwa namba ya siri? Acheka na nani usiku? Watu wawili wasiozungumza hawana njia ya kuijibu shaka, basi shaka hujijibu yenyewe, na majibu yake siku zote ni mabaya.

Ubaya huu huzidi makali wakati wa bonasi. Wakulima wadogo wapelekao majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kiasi kila mwezi, na malipo makubwa hufika mara moja kwa mwaka, aghalabu karibu na mwezi wa Oktoba. Fedha hiyo ni karo, ni mabati ya nyumba, ni ng'ombe wa maziwa. Zamani mtu aliyetaka kuiteketeza ilimbidi avae viatu, aende mjini, apite mbele ya macho ya wazee. Leo hulala chali karibu na mkewe, akacheza kamari ya mpira, au ya kile kindege cha kwenye kioo ambacho hupaa na kutoweka, na kabla ya alfajiri jasho la mwaka mzima la mikono minne limepotea kwa kidole kimoja. Fedha zikiisha, simu ile ile humkopesha nyingine. Serikali yenyewe iliiona hatari hii: mwezi wa Aprili 2025 bodi ya kusimamia michezo ya kubahatisha ilisimamisha matangazo ya michezo hiyo kwa siku 30. Nami nasema kwamba siku 30 ni dawa ndogo kwa kidonda kilichooza miaka.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema, "Hata redio ilipokuja wazee walilalamika." Ni kweli, lakini redio ilikaa katikati ya nyumba. Habari moja iliingia katika masikio yote, watu wakacheka pamoja na kubishana pamoja. Simu humpa kila mtu redio yake na dunia yake, watu watano chini ya paa moja wakawa wasafiri watano wasiojuana.

Wa pili atasema, "Heri mume akae nyumbani na simu kuliko kwenda kunywa chang'aa." Jibu hili lina hatari kuliko yote, kwa kuwa lafanana na busara. Mlevi wa chang'aa huyumba njiani; jirani humwona, wazee humwita, mkewe hupata mashahidi. Mlevi wa simu huketi kitini pake na kusifiwa kwa kutulia. Mkewe akilalamika huambiwa, "Wataka nini zaidi? Si yuko nyumbani?" Kikulacho ki nguoni mwako, na ulevi huu umo mfukoni mwa nguo yenyewe.

Wa tatu atasema, "Huu ni ugonjwa wa vijana." Hasha! Kijana aliona kwanza uso wa mzazi ukiwa umeinama. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi amfokeaye mwanawe kwa ajili ya simu, huku ameshika yake mkononi, hufundisha unafiki tu.

Mtu atajuaje kwamba amekwisha kuwa mtumwa? Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limetaja uraibu wa kamari na uraibu wa michezo ya mitandaoni. Halikuutaja mtandao wote, wala si kila atumiaye simu sana ni mgonjwa. Lakini dalili zilizotolewa kwa michezo hiyo ni kipimo chema kwa kila mtu. Je, washindwa kujizuia kuanza na kuacha? Je, jambo hilo limetangulia mbele ya kazi, usingizi na watu wako? Je, waendelea nalo hata baada ya kuona madhara yake? Ajibuye "ndiyo" mara tatu asijifariji kwa neno la "mapumziko."

Katika arusi ya asili ya Kipsigis, bwana na bibi hufungwa nyasi mikononi. Nyasi hukatika kwa ukucha. Sidhani kwamba wazee walikosa kamba. Naona walitufundisha kwamba agano la ndoa halishikwi na nguvu ya kifungo, ila na uangalifu wa wale wawili waliofungwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, yasema kwamba familia ni kiini cha asili na msingi wa jamii. Basi lililindwalo na nyasi za wazee na wino wa Katiba tusiliache lishindwe na kioo cha kiganjani.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, nyumba iwe na kikapu karibu na mlango, na wakati wa chakula cha jioni kila simu ilale humo, ya baba ikitangulia. Simu ya shida italia, na italia vya kutosha kusikika. Pili, fedha za bonasi zigawanywe na mume na mke pamoja, kwa maandishi katika daftari, kabla hazijafika. Tatu, aliyenaswa aseme waziwazi bila kuchekwa, na ikibidi apelekwe kwa daktari au mshauri, kama tufanyavyo kwa mgonjwa mwingine yeyote. Mambo haya ni madogo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Enyi vijana msomao maneno haya, wazazi wenu walikutwa na chombo hiki wakiwa watu wazima, wala hapana aliyewaonya. Ninyi mmeonywa. Kesho mtakuwa waume na wake za watu, na jioni zenu zitakuwa chache kama zao. Mchai ulioachwa ukarefuka hupogolewa, ukachipuka tena baada ya miezi michache. Utoto wa mwana, ukiisha kupita huku mzazi amekiinamia kioo, haupogolewi.