Siku Saba za Kumbebea Jirani Maji

Ndugu zangu wa Sakwa yote, Kaskazini, Kusini, Magharibi na Kati,

Kipindupindu si mgeni kwetu. Aprili 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko Migori, Kisumu na Nairobi. Wazee wanakumbuka mbaya zaidi: kati ya Juni 1997 na Machi 1998 hospitali za Nyanza zililaza wagonjwa 14,275, na watu 547 wakafa. Wataalamu waliochunguza mlipuko ule walitaja maji ya ziwa na ya vijito. Walitaja pia mambo mawili tusiyopenda kuyasema: kula pamoja na mtu anayeharisha, na kula kwenye matanga.

Ugonjwa ukizuka, sote tunanyooshea kidole Mto Sare, visima na serikali ya kaunti. Maji safi ni haki yetu na tuendelee kuyadai. Lakini kuna hatari isiyongoja mabomba. Utafiti wa Dhaka, Bangladesh, ulionyesha kuwa wanaoishi na mgonjwa wa kipindupindu wanakabiliwa na hatari kubwa takriban mara 100 kuliko watu wengine katika wiki moja baada ya mgonjwa kufikishwa hospitalini.

Tazameni inavyokwenda. Mama anamsafisha mgonjwa usiku kucha, anafua shuka kwenye beseni la vyombo, sabuni imeisha, ananawa kwa maji matupu. Alfajiri anawapikia watoto uji. Mtoto anachovya kikombe mtungini, vidole navyo vinaingia. Maji yalichotwa safi, yameharibikia ndani ya nyumba. Tena wengi wanaoambukizwa hawaharishi hata kidogo, ilhali kinyesi chao hubeba vimelea kwa siku kadhaa, pengine hata kumi. Mtu huyo anapika na kupakua bila habari.

Asilaumiwe mama huyo. Amekesha, hana wa kumtuma maji, na pesa ya sabuni imelipia bodaboda ya kumpeleka mgonjwa. Wa kumwokoa ni jirani.

Kwa hiyo naomba kila chama, cha akina mama, cha wakulima wa miwa, cha bodaboda, kiweke akiba leo: sabuni, dawa ya maji na jerikeni zenye vifuniko. Habari ya kuhara ikifika, siku hiyo hiyo tufunge kibuyu chirizi cha kunawia mikono karibu na choo na kingine karibu na jiko. Kisha tuibebee nyumba hiyo maji yaliyotiwa dawa kwa siku saba mfululizo. Apewe jukumu mtu anayejulikana kwa jina, kwa kuwa kazi ya wote huishia kutofanywa na yeyote. Mhamasishaji wa afya ya jamii apewe taarifa mapema. Mgonjwa akimbizwe hospitali huku akinywa ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. Ikikosekana, changanyeni lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, visivyo na kilele, na nusu kijiko cha chumvi. Katika mji wa kiwanda cha sukari cha Sony, mtoto asife kwa kukosa vijiko sita vya sukari.

Kuhusu matanga, nawageukia wazee wa koo na wachungaji. Hakuna anayetukataza kuwalilia watu wetu. Ila beseni moja ambamo watu ishirini hutumbukiza mikono kwa zamu liondolewe. Maji yamiminwe kwa jagi, sabuni iwepo, chakula kipakuliwe kikiwa moto na mtu mmoja asiyetoka nyumba yenye mgonjwa. Aliyekufa kwa kipindupindu ashughulikiwe na maafisa wa afya ya umma, na waliofiwa wasiwapikie waombolezaji, tuwapikie sisi. Mzee akiyasema haya mbele ya watu, hakuna atakayeona amedharauliwa kwa kumiminiwa maji.

Naomba wito huu usomwe kanisani, msikitini na kwenye baraza la chifu, na kabla watu hawajatawanyika, kila kijiji kimtaje atakayetunza sabuni na atakayebeba maji.