Nyumba za kampuni Kalima: paa likivuja, nani atengeneze?

Mgeni anayefika Kalima, teritware ya Pangi, haulizi sana kabla ya kuonyeshwa nyumba za Wazungu wa zamani. Ni alama za Symétain, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1932 kuchimba kasiterite, jiwe linalotoa bati. Mwaka 1976 iliunganishwa na kampuni zingine, ikazaliwa Sominki. Bei ya bati ikaanguka mwaka 1985, kisha vita vikamalizia. Leo Sakima, kampuni ya serikali, ndiyo mrithi.

Wapo wanaoamini kwamba mtaa kama huo ungeweza kuvuta watalii. Si ndoto tupu. Huko Yokohama, nchini Japani, bandari ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1859, na Wachina waliokuja kufanya biashara wakajenga mtaa wao. Tetemeko la mwaka 1923 liliubomoa, mabomu ya mwaka 1945 yakauchoma. Mara zote mbili ulijengwa upya, na leo watu wanaenda huko kula, kutembea na kupiga picha.

Ila wenye maduka ya Yokohama walikuwa na sababu ya kujenga tena: riziki yao ilikuwa pale. Kalima, nyumba ya kampuni si mali ya anayelala ndani. Nani atanunua mabati ya nyumba anayoweza kuondolewa kesho? Tena wafanyakazi wa zamani wa Sominki wamedai hesabu yao ya mwisho kwa miaka mingi. Kumwambia mzee wa namna hiyo atunze urithi wa kampuni ni kumchezea.

Kwa hiyo Sakima na serikali ya jimbo waanze na orodha: kila nyumba, nani anakaa humo, na kwa haki gani. Zingine ziuzwe kwa wakaaji, na anayeidai kampuni akatiwe deni lake kwenye bei. Zingine zibaki za umma. Kambi za wafanyakazi nazo ziandikwe, si nyumba za mabwana tu. Waliochimba bati waliishi kambini.

Watu watasema barabara ya Kindu itengenezwe kwanza. Ni kweli, mtalii hatakubali kushinda kwenye matope. Lakini kuandika orodha hakuhitaji barabara, na wazee wanaojua kila nyumba ilikuwa ya nani wanazidi kupungua.