Kufuli la mwenye nyumba si hukumu ya mahakama

Kila Januari shule zinapofunguliwa, Kataboi hupokea wageni. Mwalimu mpya huteremka garini akiwa na godoro na sanduku lake la vitabu, akaulizia chumba cha kupanga. Chumba cha mabati hupatikana, kodi hutajwa kwa mdomo, mikono hupeanwa, na mambo huishia papo hapo. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna shahidi aliyeitwa, wala hakuna aliyeuliza siku ya kuachana itakuwaje.

Ubaya wa mapatano ya namna hii hauonekani siku ya kuingia. Huonekana siku ya kutoka. Mwalimu aliyeajiriwa na halmashauri ya shule hutegemea karo ya wazazi, na mwaka wa ukame karo hiyo haiji, kwa kuwa mifugo ambayo ingeuzwa imekwisha kufa. Miezi miwili hupita, wa tatu ukaanza. Mwenye nyumba naye, ambaye huenda ni mama aliyenunua mabati hayo moja moja kwa faida ya samaki wakavu, huona kwamba amechezewa. Afanyeje? Hununua kufuli la pili na kulitia juu ya lile la mpangaji. Akizidi kuudhika, huyang'oa mabati ya paa, na jua la ufuo wa Ziwa Turkana likamalizia kazi iliyobaki.

Simlaumu kwa hasira yake. Kodi hiyo ndiyo unga wa watoto wake. Namlaumu kwa njia aliyoichagua, kwani kufuli lile humgeuza aliyedhulumiwa kuwa mdhalimu. Mpangaji mjanja akifika mbele ya hakimu kule Lodwar, hatataja deni lake. Atataja vitabu vyake vilivyonyeshewa na godoro lake lililotupwa mchangani, na mama yule aliyekwenda kudai atajikuta akidaiwa.

Sheria za Kenya hazimnyimi mwenye nyumba haki ya kuipata nyumba yake. Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi, maana wako wanaoamini kwamba mpangaji akishaingia hatoki. Sheria ya Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 57, inasema kwamba mtu aliyeruhusiwa kukaa kwa kulipa kodi, pasipo mkataba wa maandishi, anahesabiwa kuwa mpangaji wa vipindi. Kama kodi hulipwa kila mwezi, basi kipindi chake ni mwezi. Upande wowote waweza kuukatiza upangaji huo kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho, na ambayo muda wake unamalizika siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo mama yule wa Kataboi, hata bila ya mkataba, angeweza kuandika barua fupi ya kumtaka mwalimu ahame baada ya mwezi mmoja kamili. Gharama yake ni karatasi na kalamu.

Lakini notisi peke yake haimtoi mtu nyumbani. Muda ukiisha na mpangaji akakataa kuondoka, hatua inayofuata ni mahakama, wala si vijana wa kukodiwa. Tena ipo sheria kongwe ya kudhibiti kodi, ya tangu 1959, inayozilinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vingi vya mabati katika vijiji vyetu huenda vikaangukia humo. Mpangaji wa nyumba ya aina hiyo hatolewi mpaka baraza lililowekwa na sheria hiyo liridhike kwamba iko sababu: kodi haikulipwa, masharti yamevunjwa, majirani wanasumbuliwa, au mwenye nyumba aihitaji kwa makao yake mwenyewe na jamaa zake. Na sababu ikiwapo, bado baraza litajiuliza kama ni haki kumtoa. Sheria iyo hiyo inahesabu kuwa ni kosa la jinai mwenye nyumba kumwudhi mpangaji kwa makusudi ili ahame au aongeze kodi. Msomaji na apime mwenyewe kama kung'oa paa si maudhi.

Wenye maduka wana sheria yao, ya 1965. Mwenye duka aliyepangishwa bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, hupewa notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu yenye kutaja sababu, na akiipinga huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Wachuuzi wa samaki wanaopanga vibanda vya kuwekea mali yao wangefanya vyema kulijua hilo.

Kuna na jambo la kukamata mali. Wengi hudhani kwamba mwenye nyumba aweza kuchukua redio au baiskeli ya mpangaji badala ya kodi. Sheria yaruhusu mali kukamatwa kwa ajili ya kodi, lakini anayekamata sharti awe dalali mwenye cheti cha mahakama. Hata mtu aliyekwisha kuhukumiwa alipe deni hanyang'anywi nguo zake za lazima, sufuria, kitanda na matandiko, wala vifaa vya kazi inayomlisha. Kwa mwalimu, nadhani hakuna kifaa cha kazi kilicho wazi zaidi ya kitabu.

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mambo ya mijini. Ni kweli kwamba kesi iliyo mashuhuri zaidi ni ya Nairobi. Mnamo Julai 2010 matingatinga yaliingia mtaa wa Muthurwa, wenye kumilikiwa na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Shirika la Reli, ili kuwaondoa wapangaji, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa zamani wa reli hiyo hiyo. Wakazi walikimbilia Mahakama Kuu, na Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki yao ya kuwa na makao, iliyomo katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, ilikuwa imevunjwa. Hakusema kwamba mwenye mali hana haki juu ya mali yake. Alichokikataa ni namna ya kuwatoa watu. Ikiwa mfuko mkubwa wenye mawakili na hati miliki uliambiwa hivyo, itakuwaje kwa mama asiye na wakili wala hati?

Na hapa ndipo Kataboi inapotofautiana na Muthurwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii, iliyokuwa mikononi mwa baraza la wilaya zamani, na ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 serikali ya kaunti huishika kwa amana pale isiposajiliwa. Aliyejenga chumba cha kupangisha kijijini yaelekea hana hati miliki ya uwanja wake. Alichonacho ni mabati, misumari, na ridhaa ya majirani. Nimewahi kusikia mpangaji akijigamba: "Ardhi si yako, utanifukuza kwa nini?" Maneno hayo ni ya kihuni, na kisheria ni matupu. Sheria ya Ushahidi haimruhusu mpangaji, angali ni mpangaji, kukana kwamba aliyempangisha alikuwa na haki ya kupangisha. Ukipokea ufunguo kutoka mkononi mwa mtu na ukamlipa kodi, huwezi kugeuka kesho ukasema hakuwa na nyumba. Lakini kinga hiyo yategemea jambo moja: mama aweze kuthibitisha kwamba upangaji ulikuwapo. Kwa asiye na hati miliki, karatasi ya mapatano au ujumbe wa M-Pesa wa kodi iliyolipwa ndiyo hati yake ya pekee. Ajabu ni kwamba yeye, aliye na haja kubwa zaidi ya maandishi, ndiye anayepangisha kwa mdomo.

Shida nyingine ni ya chumba kilichofungwa. Mwalimu huhamishwa likizoni, akaondoka na ufunguo mfukoni, na vyombo vyake viwili vitatu vikabaki ndani miezi minne. Sheria ya Ardhi yamruhusu mwenye nyumba kuingia kwa amani pasipokuwa na mtu anayekaa humo, baada ya kumwarifu mpangaji kosa lake na kumpa nafasi ya kulirekebisha. Lakini je, chumba chenye godoro kina mkaaji au hakina? Mawakili wataweza kubishana juu ya hilo mpaka jua lichwe. Ushauri wangu ni kwamba mwenye nyumba asifungue akiwa peke yake: ampelekee mwalimu ujumbe wa maandishi, angojee, kisha afungue mbele ya chifu au wazee, kila kitu kikiandikwa na kutiwa sahihi. Pia ajihadhari na kupokea kodi mpya baada ya kutangaza kwamba anaukatiza upangaji kwa kosa, maana kwa kuipokea atahesabiwa amesamehe.

Nimewataja chifu na wazee. Chifu hana mamlaka ya kumtoa mpangaji, na wenye nyumba wamkimbiliao atoe amri wanamtwika asichopewa. Lakini Katiba, katika kifungu cha 159, yahimiza usuluhishi na njia za kimila, maadamu hazivunji haki za binadamu. Kikao cha wazee chini ya mti chaweza kupata ahadi ya kulipa kidogo kidogo na tarehe ya kuhama, na hivyo kuwaokoa wote wawili na nauli ya kwenda na kurudi Lodwar, ambayo aghalabu huzidi kodi inayogombaniwa.

Mzigo uliobaki nauweka mabegani mwa walimu wenyewe. Katika kijiji ambamo wengi hawakubahatika kusoma, mwalimu ndiye karani wa kila mtu; huandika barua za misaada, maombi ya karo, hata ratiba za mazishi. Iweje basi mapatano ya chumba chake mwenyewe yasiandikwe? Wanafunzi wa sekondari hufundishwa barua rasmi mwaka baada ya mwaka, wakimwandikia meneja wa kampuni isiyokuwapo. Na wapewe siku moja kazi ya kuandika mapatano ya kupangisha chumba: majina ya pande mbili, kiasi cha kodi na siku ya kulipa, muda wa notisi, hali ya mlango na paa siku ya kuingia, na majina ya mashahidi wawili. Ukurasa mmoja unatosha. Nakala ya pili ikae kwa mama mwenye nyumba, hata kama yeye hasomi. Mwanawe aliye shuleni atamsomea na kumfasiria kwa Kiturkana.