Sonona Baada ya Kiharusi: Kipimo cha Damu Hakitoshi

Miaka michache iliyopita nilimhudumia mwalimu mstaafu aliyepata kiharusi kilichodhoofisha upande wa kushoto wa mwili. Kufikia wiki ya tatu mguu ulikuwa umeanza kupata nguvu, shinikizo la damu limetulia, nami niliandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Hata hivyo, mtaalamu wa mazoezi alipofika, mzee aligeukia ukutani. Uji alionja vijiko viwili akasukuma kikombe. Niliagiza vipimo: CRP ilikuwa juu, na chembe nyeupe za damu zilikuwa nyingi. Tulikuta maambukizi ya njia ya mkojo, tukayatibu, CRP ikashuka, nikamruhusu kwenda nyumbani.

Miezi miwili baadaye mkewe alikuja peke yake kliniki. “Daktari,” alisema, “mzee amekataa dawa zote. Anasema heri mngemwacha aende zake siku ile.” Nilifungua faili. Kulikuwa na majibu ya damu, ya mkojo, ya moyo na picha ya ubongo. Swali hata moja kuhusu huzuni yake halikuwamo.

Naukumbuka mkasa huo kila ninapoulizwa na madaktari vijana iwapo siku hizi tunaweza kuibaini sonona baada ya kiharusi kwa kupima viashiria vya kinga katika damu. Swali lao lina msingi. Utafiti mwingi umeonyesha uhusiano kati ya viashiria hivyo na sonona kwa wagonjwa wa kiharusi. Maoni yangu ni kwamba utafiti huo umetupa maelezo mazuri ya ugonjwa, lakini haujatupa kipimo cha kuutambua.

Maelezo yenyewe ni haya. Sehemu ya ubongo inapokosa damu, seli zake hufa, na seli za kinga zilizo jirani huamka kana kwamba kuna adui aliyeingia. Hali hiyo tunaiita mchochota. Seli hizo hutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokini, mojawapo ikiwa intaliukini-6. Ini linapopata ishara ya intaliukini-6 hutengeneza protini tunayoipima kwa jina la CRP. Saitokini huathiri pia matumizi ya triptofani, kirutubisho tunachokipata katika chakula: badala ya kutumika kutengeneza serotonini, ambayo husaidia kuratibu hisia na usingizi, sehemu yake kubwa zaidi huelekezwa kwenye kinurenini, na baadhi ya mazao ya kinurenini huweza kudhuru seli za neva. Kwamba kinga inaweza kuleta sonona hatukukisia tu. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walipokuwa wakitibiwa kwa sindano za intaferoni, ambayo yenyewe ni saitokini, takriban mmoja kati ya wanne alipata sonona, hata miongoni mwa watu ambao hawakuwa nayo kabla ya kuanza matibabu.

Maelezo haya nayatumia karibu kila wiki, lakini nayatumia kwa ndugu wa mgonjwa, si maabara. Ninapomwambia binti kwamba baba yake hafanyi uvivu, hadeki, hajapungukiwa imani wala hajarogwa, bali ubongo wake umejeruhiwa na jeraha hilo limebadilisha kemikali zinazobeba hisia, naona anavyolegea mabega. Huongeza, kwa haki, kwamba mchochota si kisa kizima. Mtu aliyekuwa akileta unga nyumbani sasa anaogeshwa na wanawe. Hilo nalo linauma, na hakuna saitokini inayolieleza lote.

Kwa nini basi tusipime? Kwanza, uhusiano unaoonekana katika kundi la mamia ya wagonjwa hautuambii lolote la hakika kuhusu mmoja aliyelala mbele yetu. Kiharusi kikubwa hupandisha CRP zaidi. Kiharusi kikubwa huleta pia ulemavu zaidi, na ulemavu huleta majonzi. Ni vigumu kutenganisha kipi kimeleta kipi. Pili, wodi zetu zina sababu nyingine nyingi za CRP kupanda: nimonia baada ya kupaliwa na chakula, maambukizi yanayotokana na mpira wa mkojo, vidonda vya mgandamizo, malaria, kifua kikuu. Hata uwiano wa nyutrofili na limfosaiti, unaovutia kwa kuwa unapatikana katika kipimo cha kawaida cha damu bila gharama ya ziada, huvurugwa na mambo hayohayo. CRP ikiwa juu, tafuta maambukizi kwanza. Mimi nilifanya hivyo, na sikukosea. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nimemaliza.

Linalonitia hofu zaidi ni upande wa pili: CRP ya kawaida kwa mgonjwa anayetamani kufa. Tukizoea kuamini karatasi ya maabara, tutamruhusu mtu huyo aende nyumbani tukiwa na dhamiri safi.

Sisemi mlango umefungwa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa watu 60 wenye sonona sugu dawa ya infliksimabu, inayozuia saitokini mojawapo. Kwa jumla haikuishinda dawa bandia. Waliokuwa na CRP zaidi ya miligramu 5 kwa lita ndio walioonekana kunufaika. Lakini hao hawakuwa wagonjwa wa kiharusi, na dawa hiyo hudhoofisha kinga, jambo zito panapokuwa na kifua kikuu kingi.

Wakati tunasubiri, takriban theluthi moja ya watu wanaonusurika kiharusi hupata sonona. Nasi hatuna uhaba wa wagonjwa hao: utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba kiwango cha kiharusi Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu duniani. Cha kuwasaidia tunacho tayari. Ni maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukosa matumaini? Jibu likitia shaka, liko dodoso la maswali tisa, PHQ-9, ambalo limefanyiwa tathmini kwa Kiswahili hapa Tanzania. Wengi hawatasema “nina sonona”. Watasema wana mawazo mengi, au mwili umechoka. Muulize faraghani, kwani mbele ya wanawe mzee atajibu kwamba hajambo. Muulize pia kama amefikiria kujidhuru. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Aliyepoteza usemi, ongea na anayemlaza na kumwamsha: je, analia, anakataa wageni, amebadilika?

Pasitokee wa kusema basi tuwape wote dawa. Uingereza walilijaribu hilo katika utafiti wa FOCUS, wa mwaka 2018, kwa wagonjwa 3,127. Fluoksetini ya miezi sita haikuwaongezea uwezo wa kujitegemea. Ilipunguza sonona kutoka takriban asilimia 17 hadi 13, lakini waliovunjika mifupa walikaribia kuwa maradufu. Dawa apewe aliyekutwa na ugonjwa, akiangaliwa asianguke, na tukikumbuka kwamba fluoksetini pamoja na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Amitriptilini, ambayo ndiyo iliyozoeleka vituo vingi, naiogopa kwa wazee wenye maradhi ya moyo.

Mwalimu alirejeshwa kliniki na mkewe wiki iliyofuata. Tulizungumza kwa muda mrefu, tukaanza dawa, na mwanafunzi wake wa zamani akajitolea kumtembelea kila Jumamosi wasome gazeti pamoja. Mwezi wa nne alikubali tena mazoezi. Mkono bado haujarudi wote. CRP yake sikuipima tena.