Hewa ya Shimoni Ipimwe

Mchimbaji huogopa jiwe linaloanguka. Radoni haiangukii mtu. Ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, itokayo katika mawe na udongo wenye urani. Nje hutawanywa na upepo. Shimoni kusikopita hewa hujikusanya. Ikivutwa, chembechembe izaazo hunasa mapafuni, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walilithibitisha hilo mwaka 1988.

Kwa jirani zetu wa Katanga jambo hili si geni. Mgodi wa Shinkolobwe ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Baadaye wachimbaji wadogo waliingia humo kutafuta kobalti. Mwaka 2004 serikali iliwakataza, na mwaka huo huo shimo likaporomoka likaua watu.

Aliyefukiwa huhesabiwa siku ile ile. Aliyevuta radoni huugua akiwa amekwisha kuacha kazi, na mwajiri husema ni sigara. Ushahidi ataupata wapi?

Kwa hiyo tunasema marufuku peke yake haitoshi, na kitambaa puani hakizuii gesi. Mkataba Na. 115 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1960, unataka wafanyakazi wakingwe na mionzi. Hewa ipimwe, mashimo yapitishiwe hewa safi, majibu yabandikwe ubaoni, na kumbukumbu za kila mchimbaji zitunzwe hata baada ya kustaafu. Bila kumbukumbu hakuna fidia.