Mafuriko Yakija, Pesa Zako Ziko Wapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, watu wa kijiji cha Kamuchiri, pale Mai Mahiu, walilala kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa. Juu yao, upande wa Kijabe, njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba kwa mawe, matope na miti. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa. Mwanzoni wengi tulisema ni bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ndiyo ilikuja kueleza habari ya reli. Kwa waliokuwa chini haikuwa na tofauti. Zaidi ya watu 45 walikufa, nyumba zikabebwa, barabara ikakatika.

Sisi tunaouza huduma za pesa kwa simu tunapenda kukwambia: weka pesa kwa simu, si chini ya godoro. Ni kweli, godoro linaenda na maji. Lakini simu pia inaenda na maji, na hapo nadhani tumekuwa tukikupa nusu ya habari.

Shangazi yangu anauza mitumba katika mji mwingine mdogo wa Bonde la Ufa. Mto ulipovunja kingo mwaka huo huo, alitoka na watoto na leso mabegani, basi. Simu, kitambulisho na kitabu cha chama vilibaki ndani. Pesa zake hazikupotea hata shilingi moja. Shida ilikuwa kuzifikia. Kurudisha laini alitakiwa aonyeshe kitambulisho. Kupata kitambulisho kingine alihitaji karatasi ya polisi na nauli ya kwenda mjini. Na nauli ilikuwa wapi? Ndani ya laini. Siku tisa alikula kwa jirani huku ana salio. "Mwanangu," aliniambia, "nilikuwa tajiri nisiye na bei ya sabuni."

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na si kila mtu ofisini atayapenda. Kampuni za pesa za simu zipeleke meza ya kurudisha laini kwenye kambi za waathiriwa wiki ya kwanza, kabla ya kupeleka fulana na mabango. Hiyo ndiyo matangazo bora, kama mnataka matangazo.

Na wewe mteja, usingoje sisi. Kariri nambari ya kitambulisho chako. Acha nakala yake kwa ndugu anayeishi mbali na mto. Chama kisitegemee simu ya mweka hazina peke yake. Namba ya siri usiiandike nyuma ya simu, tafadhali, bado tunaziona! Halafu kuna matapeli, hawa hawakosi msimu wa mvua: ukipigiwa kwamba umepata msaada wa mafuriko lakini utume "ada" kwanza, kata simu. Ukichanga, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.

Shangazi sasa ana simu mpya. Nakala ya kitambulisho chake iko kwangu Nairobi, ndani ya faili ya vyeti vyangu vya chuo. Namba ya siri amekataa kuniambia, na ako sawa.